Picha za Ziwani Zisizofanana na Ulichokiona: Kutafuta Kisababishi Kuanzia kwenye Dalili

Mtu anashuka Matema, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, kutoka Mbeya mjini, anakaa ufukweni siku mbili, anarudi na picha mia tatu. Akizifungua nyumbani anakuta Milima ya Livingstone imekuwa ukuta wa kijivu, maji yamekuwa kama bati jipya juani, na mtumbwi uliomvutia umebaki kijiti cheusi pembeni. Hapo ndipo wengi wetu hufungua programu ya kuhariri na kuanza kuongeza rangi. Nilifanya hivyo kwa miaka kadhaa, na ninaandika mwongozo huu kwa sababu ninatamani mtu angenieleza mapema kwamba dalili moja inaweza kuletwa na visababishi vitatu tofauti, kila kimoja kina dawa yake, na rangi ya kuongezwa haitibu hata kimoja.

Kabla ya kugusa chochote, ifungue picha iliyoharibika na ujiulize jua lilikuwa upande gani, wewe ulikuwa umesimama wapi, na kamera ilitumia mpangilio gani. Swali la tatu ndilo rahisi kuliko yote, kwani faili yenyewe huhifadhi saa ya kupiga, kasi ya shata (muda ambao kamera inabaki wazi kuingiza mwanga), uwazi wa lenzi (ukubwa wa tundu lake) na kiwango cha ISO (namna kamera inavyouhisi mwanga), hata kwenye simu. Maswali mawili ya kwanza yanahitaji kumbukumbu, na ndiyo maana ninapendekeza daftari dogo mfukoni.

Anga ni jeupe na milima ni ya kijivu

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia mara nyingi zaidi, kwa hiyo nitakaa nalo. Visababishi vyake vikuu ni mahali jua lilipo, hewa chafu, na mwanga uliozidi kwenye kamera. Ili kuvitenganisha, tazama histogramu, yaani ule mchoro wa vilima unaoonyesha giza upande wa kushoto na mwanga upande wa kulia. Kilima kikiwa kimebanwa kwenye ukuta wa kulia, kamera iliingiza mwanga mwingi kupita kiasi. Kikiwa kimekusanyika katikati na pande zote mbili ni tupu, hewa ilikuwa na moshi, vumbi au unyevu. Vikiwa vilima viwili, kimoja kushoto kabisa na kingine kulia kabisa, ulikuwa unapiga kuelekea jua, na tofauti kati ya anga na mlima ilikuwa kubwa kuliko kamera yako inavyoweza kubeba.

Kwa Matema, sababu ya jua ndiyo inayowaponza wageni. Milima ya Livingstone iko mashariki mwa ufukwe, nayo inapanda kwa mwinuko mkali kutoka ukingoni mwa ziwa, ambalo liko chini ya mita 500, hadi zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi jua linatokea nyuma ya ukuta huo. Anayeamka alfajiri kuipiga picha milima anakuwa anaelekeza lenzi kwenye mwanga, huku upande wa mlima unaomtazama yeye ukiwa kivulini. Mlima uleule ukiutazama saa kumi na moja jioni, jua likiwa nyuma yako upande wa magharibi, utaona makorongo, miamba na mistari ya miti ambayo asubuhi haikuwapo kabisa. Kwa hiyo, ukitaka milima, piga jioni ukiwa umegeukia mashariki, na asubuhi itumie kwa mambo mengine: mitumbwi inayorudi, maji tulivu, moshi wa jikoni unaopanda kwenye migomba.

Saa nayo inahitaji kuangaliwa. Saa za Tanzania zinafuata longitudo ya nyuzi 45, ilhali Matema iko karibu na nyuzi 34, na kila nyuzi moja ni dakika nne. Kwa hiyo jua letu linachelewa kwa takriban dakika arobaini na tano kulinganisha na saa ya mkononi. Utosini linafika karibu saa saba kasorobo mchana. Mwezi Juni linazama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni, na Desemba karibu saa moja usiku. Pia halizami mahali pamoja: kati ya Juni na Desemba mahali pa kuzama husogea kwa nyuzi karibu 47 kutoka kaskazini kwenda kusini. Aliyepata machweo mazuri juu ya maji mwezi Desemba asishangae akirudi Juni na kukuta jua limehamia upande wa nchi kavu.

Hewa chafu haina dawa ya haraka. Kuanzia Agosti hadi Oktoba watu huandaa mashamba na nyika huungua, na moshi hulala juu ya bonde la Kyela hadi mvua za kwanza ziuoshe. Siku moja baada ya mvua nzuri ina thamani kuliko filta yoyote utakayonunua. Kama huna hiari na lazima upige siku ya moshi, acha kuhangaika na mlima wa mbali na utumie kitu kilicho karibu, huku moshi ukifanya kazi ya pazia nyuma yake. Usichanganye moshi na zile nguzo nyeusi zinazosimama juu ya maji ya Ziwa Nyasa na kuyumba polepole, kwa maana hizo ni makundi ya wadudu wadogo wa ziwani, na ukibahatika kuziona, zipige bila kusita.

Mwanga uliozidi una tiba rahisi kuliko yote. Kwenye simu, gusa sehemu ya anga yenye mwanga kwenye kioo, shikilia hadi mpangilio ujifunge, kisha teremsha kidole hadi mawingu yaonekane na umbo. Kwenye kamera, punguza mwanga kwa hatua moja, yaani nusu yake, ukitumia kitufe cha kufidia mwanga. Sehemu za giza zinaweza kuinuliwa baadaye, lakini anga lililoungua na kuwa jeupe tupu halina kitu ndani yake cha kurudisha. Kama kamera inaruhusu, hifadhi faili za RAW, yaani data ghafi ya kamera kabla haijachakatwa. Faili ya JPEG, ile ya kawaida, ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, ilhali faili ya RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384, na tofauti hiyo utaiona utakapojaribu kuinua kivuli cha mlima bila kukigeuza kuwa madoa.

Picha zote za saa ya kwanza zina ukungu, kisha zinatakata zenyewe

Kamera iliyolala Mbeya, kwenye baridi ya mita 1,700, ikitolewa ghafla kwenye joto na unyevu wa ziwani, hupata umande juu ya kioo cha lenzi, na wakati mwingine hata ndani yake. Ukifuta, unarudi. Iache ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa hivi ili ipate joto taratibu, na kama umesafiri kwenye gari lenye kiyoyozi, zima kiyoyozi mapema kabla ya kufika. Mara ya kwanza lilipon­ipata jambo hili nilidhani lenzi imeharibika, na nilipoteza mwanga wote mzuri nikiifuta kwa ncha ya shati.

Maji yanang'aa kama bati na hayana rangi

Mng'ao huo ni anga linaloakisiwa juu ya maji. Filta ya polaraiza, yaani kioo cha kuzungushwa mbele ya lenzi kinachozuia mwanga ulioakisiwa, huupunguza, lakini wengi huinunua, hawaoni tofauti, na wanahitimisha kwamba wameuziwa kitu feki. Mara nyingi filta ni nzima ila pembe ndiyo mbaya. Juu ya maji, filta hiyo hufanya kazi vizuri zaidi pale macho yanapoyatazama kwa mteremko wa nyuzi karibu 37 kutoka usawa wa maji. Ukisimama ufukweni na kutazama mbali, mteremko wako ni mdogo mno, kwa hiyo filta itasafisha maji ya miguuni pako na kuacha ya mbali yakiwa vilevile. Kwa anga, nguvu yake kubwa iko nyuzi 90 kutoka kwenye jua, yaani unapolielekezea jua bega lako. Ukiwa na lenzi pana, uwe mwangalifu, kwa sababu sehemu moja ya anga itakuwa ya bluu nzito na nyingine hafifu ndani ya picha hiyohiyo, na kasoro hiyo ni ngumu kuirekebisha baadaye. Mwenye simu anaweza kujaribu kuweka kioo cha miwani ya jua ya polaraiza mbele ya lenzi na kukizungusha polepole.

Ziwa Ngosi ni mfano unaofundisha sana. Pale unasimama juu ya ukingo wa kreta, yaani shimo la volkano, na kuyatazama maji yakiwa chini kabisa, yamezungukwa na kuta za msitu. Mteremko wa macho ni mkali, kwa hiyo filta inafanya kazi yake kikamilifu na ule ukijani wa maji unajitokeza. Tena, kanuni ya kukwepa jua la mchana, ambayo kila anayeanza hufundishwa, kwa Ngosi mimi siifuati. Asubuhi na jioni ukuta mmoja wa kreta huweka kivuli juu ya nusu ya ziwa, na picha inakatika vipande viwili. Jua likiwa juu ndipo maji yote yanapoangazwa. Kama umefika juu na kukuta wingu limejaa ndani ya kreta, kaa chini usubiri, kwani wingu hilo huweza kufunguka kwa dakika chache na kufunga tena, na aliyekwisha kufungasha vifaa ndiye huikosa nafasi hiyo.

Kama tatizo lako ni mawimbi yanayoharibu taswira ya mlima kwenye maji, kisababishi ni upepo, na dawa ni ratiba. Kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini-mashariki, ambao kandoni mwa Ziwa Nyasa huitwa mwera, husukuma mawimbi hadi ncha hii ya kaskazini. Wakati huo ni afadhali kutafuta maji madogo yaliyokingwa, kama mabwawa ya mashamba ya chai Mufindi, mapema kabla upepo haujaamka.

Picha haina makali

Ikuze hadi asilimia mia moja na uangalie namna makali yalivyopotea. Vitu vyote vikiwa na mkia kuelekea upande mmoja, mkono ulitikisika. Mvuvi na kasia lake tu wakiwa wamefifia huku ufukwe ukiwa na makali, kasi ya shata ilikuwa ndogo. Nyasi za mbele zikiwa na makali na mlima ukiwa laini, au kinyume chake, fokasi iliangukia pasipotakiwa. Picha nzima ikiwa laini na yenye weupe unaosambaa kutoka kwenye sehemu angavu, lenzi ni chafu, na kwa simu hiki ndicho kisababishi cha kwanza kukichunguza: mafuta ya vidole. Futa kwa kitambaa laini kikavu kila unapoitoa mfukoni.

Kwa mtikisiko, kasi ya shata isipungue moja gawanya kwa urefu wa fokasi ya lenzi, ile namba ya milimita iliyoandikwa juu yake, kwa hiyo lenzi ya milimita 200 inataka angalau sekunde 1/200. Mtumbwi unaopigwa kasia unahitaji karibu sekunde 1/250 bila kujali lenzi ni ipi. Giza likiingia, tumia tripodi, na kwenye mchanga izamishe miguu yake kwa kuikandamiza kabla ya kufunga kamera, la sivyo itazama yenyewe taratibu wakati shata iko wazi. Kuvuta kitu karibu kwa vidole viwili kwenye kioo cha simu mara nyingi ni kukata picha tu, na kila anayeweza kutembea hatua ishirini na atembee.

Picha ni safi, lakini mtu akiitazama hasemi kitu

Hapa hakuna kipimo cha mashine, na ndipo maoni ya watu yanapohitajika zaidi. Wakati fulani nilimwonyesha mzee mmoja mvuvi pale Matema picha ya mtumbwi kwenye kioo cha kamera. Nilikuwa nimeridhika nayo sana: mwanga wa jioni, matone yakidondoka kutoka kwenye kasia, mlima nyuma. Aliitazama kwa muda, akaweka kidole kwenye ncha ya mbele ya mtumbwi, iliyokuwa imekaribia kugusa ukingo wa picha, akaniuliza, “Mwanangu, huyu anakwenda wapi?” Nikamjibu, “Anarudi kutoka kutega nyavu, baba.” Akatikisa kichwa. “Hapa hana maji ya kwenda.”

Tangu siku hiyo kila kinachosafiri kwenye picha zangu ninakiachia nafasi mbele yake kubwa kuliko ya nyuma. Lakini nilijifunza pia kwamba mtu anayekijua kitu kinachopigwa picha anaweza kuona kosa ambalo mpiga picha mwenzako hataliona, kwa sababu nyote wawili mnatazama mwanga.

Kisababishi cha kawaida cha picha bubu ni kukosa sehemu ya mbele. Anga, mlima na maji, vikiwa vyote mbali, vinakuwa mistari mitatu iliyolala. Chuchumaa hadi kamera iwe usawa wa goti na umpe mtazamaji kitu cha kuanzia. Vyungu vya Wakisi, wafinyanzi wa kandoni mwa ziwa, vikiwa vimepangwa ufukweni, vyekundu-vyeupe, na vidole vya mfinyanzi bado vikisomeka kwenye shingo ya chungu, vinaweza kubeba nusu ya picha peke yao. Omba ruhusa kwa kina mama wanaovifinyanga, na ukirudi mara nyingine wapelekee picha iliyochapishwa. Ni haki yao.

Kisababishi kingine ni wingi. Bwawa la Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma, lina miti mikavu iliyobaki imesimama majini tangu bonde lilipofurika, na anayefika mara ya kwanza hutaka kuipiga yote. Matokeo yake ni msitu wa vijiti vilivyopandana. Chagua mti mmoja au miwili, kisha sogea kushoto au kulia hadi kuwe na upenyo wa anga kati ya shina na shina. Hapo usishuke majini kutafuta pembe nzuri, kwa kuwa Mtera kuna viboko na mamba.

Upeo wa macho uliolala upande unaonekana jambo dogo, ila ziwa lililopinda humkera hata asiyejua kwa nini. Tahadhari ni kwamba ukingo wa ziwa unaokwenda mbali huonekana umelala hata kamera ikiwa sawa, hivyo usiunyooshe kwa kuufuata ukingo huo. Tumia taswira kwenye maji: ncha ya mti na ncha ya taswira yake zinapaswa kuwa kwenye mstari mmoja wa wima, hasa katikati ya picha.

Baada ya kuhariri, picha inaonekana ya uongo

Dalili zake ni mstari mweupe unaozunguka kilele cha mlima, majani ya kijani kinachoumiza macho, na machweo ya rangi ya fanta. Kisababishi cha mstari mweupe ni kuzidisha uwazi wa maumbo au kuinua vivuli kupita kiasi, na cha mengine ni kuanza na rangi. Mimi hufuata mpangilio huu: kunyoosha na kukata, kisha mwanga wa jumla, kisha mizani ya weupe (kuamua kipi kionekane cheupe ili rangi nyingine zikae sawa), kisha tofauti ya giza na mwanga, kisha sehemu ndogondogo, na rangi mwisho kabisa, kidogo. Snapseed kwenye simu na darktable kwenye kompyuta hazina malipo na zinatosha kwa yote haya. Kama wekundu wa jioni umepotea, huenda kamera ndiyo iliyouondoa kwa kudhani ni kosa. Weka mizani ya weupe kwenye alama ya jua badala ya kuiacha ijichagulie.

Picha uliyoihariri usiku usimtumie mtu usiku huohuo. Asubuhi iweke kando ya ile ya asili, na usipokumbuka kuliona ziwa likiwa na rangi hiyo, rudisha nusu ya ulichoongeza.

Ukiomba maoni, unajibiwa “nzuri” tu

Kisababishi ni swali lenyewe. Ukimuuliza ndugu yako kama picha ni nzuri, adabu inamlazimu akubali. Muulize jicho lake limeanzia wapi na limeishia wapi, au ni kitu gani angekiondoa. Mpe picha mbili za mahali pamoja umuombe achague na aseme sababu. Watu watatu wakigusa kona ileile, kosa lipo hata kama hulioni. Akitokea mmoja tu, andika alichosema na ukakijaribu safari inayofuata kabla ya kukikataa.

Usitume picha za kutathminiwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, kwa sababu hubanwa na makali hupotea, kisha mtu atakukosoa kwa kosa ambalo si lako. Zitume kama dokumenti. Na kwa mazoezi, safari moja itibu kosa moja. Nimewahi kukaa jioni tatu mfululizo mahali palepale, nikishughulikia upeo na sehemu ya mbele peke yake, na nilipata mengi kuliko kwenye safari za kuzunguka wilaya nzima.

Kwenye simu inapendeza, studio inatoka giza

Kioo cha simu kilichowashwa hadi mwisho hudanganya. Teremsha mwanga wake hadi nusu kabla ya kuhariri picha ya kuchapisha, na uchapishe kwanza nakala ndogo ya majaribio. Kwa ukubwa wa A4 unahitaji pikseli karibu 2,480 kwa 3,508 ili uchapaji uwe na makali, yaani megapikseli zisizofika tisa. Picha ikiwa pungufu ya hapo kwa sababu uliikata sana, agiza karatasi ndogo zaidi, na safari ijayo usogee karibu.